Mtandio wa Mwalimu Mchi

Wifi yangu alipotangaza kwamba anafungua darasa la kuwafundisha akina mama wa nyumbani kuongea mbele za watu na kuongoza sherehe, nilicheka mpaka nikaweka kisu chini. Nilikuwa nakata vitunguu. Nikamwambia, "Wifi, wanawake wa mtaa huu wanaongea bure kutwa kucha. Nani atakulipa umfundishe?" Hakukasirika. Aliokota kisu changu, akaendelea na vitunguu pale nilipoishia, akasema, "Kuongea wanaongea. Lakini mgeni akibisha hodi wanakimbilia jikoni, wanamwachia mume salamu."

Jibu hilo liliniudhi kwa sababu lilikuwa la kweli. Mimi mtu akinipa ukweli huku anakata vitunguu vyangu, huwa nakosa pa kumshikia.

Wifi ni mdogo wa mume wangu. Nyumba yake na yetu zimegawana ukuta, kiasi kwamba mtoto wake akikohoa usiku mimi ndiye wa kwanza kusema pole. Ni mfupi, amejaa kidogo, mwendo wake wa haraka, na akikusikiliza hapepesi macho, ndiyo maana waongo wa mtaani hupita upande wa pili wa barabara. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kama yangu: kupika, kufua, kukimbizana na watoto na soksi za shule. Baadaye akaanza kuongoza shughuli ndogo za majirani, leo mtoto amefaulu mtihani, kesho mtu amehamia nyumba mpya. Zikawa kubwa, akaanza kuitwa kumbini. Alipoona anaitwa siku moja sehemu mbili, akasema sasa ni wakati wa kuwafundisha wenzake.

Darasa lilikuwa sebuleni kwake, asubuhi, watoto wakiwa shule na sufuria ya mchana bado haijapanda jikoni. Alisukuma makochi ukutani, akaacha nafasi katikati. Wanafunzi walikuja na kazi zao: huyu ana mchele wa kuchambua, yule ana mboga za kunyambua, mwingine ana kaptura ya mtoto imeachia mshono. Wifi hakuwakataza. Alisema mikono ikiwa na kazi mdomo unasahau kuogopa. Ila zamu yako ikifika, kazi unaweka chini, unasimama katikati, na unashika mchi.

Huo mchi ulikuwa wangu. Niseme hapahapa, maana hakuna aliyewahi kunitetea. Siku ya kwanza hakuwa na kipaza sauti, akaingia jikoni kwangu, akachukua mchi wa kinu changu, akaondoka nao kama aliyeuzaa yeye. Tangu hapo nikawa natwanga vitunguu saumu kwa kitako cha chupa. Nilipodai, aliniambia, "Wifi, mchi ni mzito. Mkono ukizoea mchi, kipaza kitakuwa unyoya." Majirani wakambatiza Mwalimu Mchi, na mimi niliyekuwa mwenye mchi sikubatizwa chochote.

Nilikwenda darasani kuulinda mchi wangu, nikabaki kwa sababu ya maneno. Wifi hakufundisha kwa maneno makubwa. Aliwaambia kila mmoja wao tayari ana sauti tatu: ya kumwita mtoto aliye mbali, ya kumkaribisha mgeni, na ile ya kumwonya mume mbele za watu bila watu kujua. "Hizo tatu zinatosha kuendesha sherehe yoyote duniani," alisema. "Mnachokosa ni kuzitoa nje ya geti." Basi mtu anasimama na mchi, anakaribisha wageni wa kufikirika, anatangaza keki ya kufikirika, na sisi tuliokaa kwenye makochi tunajifanya mjomba mlevi, au mama mkwe asiyeridhika. Mimi nilipewa umama mkwe kila mara. Sijui kwa nini.

Sheria zake zilikuwa chache, na alizirudia mpaka tukaziota. Ya kwanza: ukumbi ni sebule yako, ukipanda pale wewe ndiye mwenye nyumba. Ya pili: kipaza hakitoki mkononi mwako mpaka umwite mtu kwa jina na umpe mwenyewe. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Ukikwama, usiombe radhi, usikohoe, usicheke. Funga mdomo, vuta pumzi mpaka tumboni, tazama uso mmoja, halafu endelea. "Watu watasubiri," alisema. "Wanasubiri chai ichemke, watashindwa kukusubiri wewe?" Kulikuwa na mwanafunzi tuliyemwita Redio, mwanamke ambaye hata akimeza mate alikuwa bado anazungumza. Kusimama kimya na mchi mkononi kwake kulikuwa adhabu. Alitoka jasho. Lakini alijifunza.

Sheria ya pili ilizaliwa na kisa, na kisa hicho nakijua, maana nilikuwepo. Baba mkwe alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na alipostaafu tulimwandalia karamu. Wifi wakati huo alikuwa bado msichana. Aliomba aseme neno kwa baba yake. Alisimama, akasema sentensi ya kwanza vizuri, akaanza ya pili, sauti ikamtetemeka, akanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Mume wangu, ambaye moyo wake ni laini kama mkate wa asubuhi na hawezi kumwona dada yake anateseka, aliinuka, akamtoa kipaza mkononi taratibu, akasema, "Baba, mwanao anataka kusema anakupenda." Watu wakapiga makofi. Wifi akakaa. Baba mkwe ametangulia mbele ya haki zamani, na sentensi ile ya pili hakuisikia. Mume wangu mpaka leo akisimulia kisa hicho husema alimwokoa dada yake, na wifi akikisikia hunyanyuka kwenda kutazama kama maji yamechemka.

Sasa nije kwa Mama Pacha. Alikuja darasani na pacha wake wadogo, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, mwembamba, sauti ndogo, na kila sentensi yake ilianza na "samahani". Samahani naomba maji. Samahani jina langu ni fulani. Wifi alimwekea dawa: kila akisema samahani, aunyooshe mkono wenye mchi mbele yake mpaka tumalize kumwimbia wimbo wa watoto, beti zote. Pacha walipenda sana, walimwombea mama yao akosee. Haikuchukua muda neno likafa lenyewe, na nyuma yake tukakuta mwanamke mchekeshaji, mwenye jicho la kuona kila kitu. Angekuambia soksi yako imegeuzwa, na ungemshukuru.

Kilichomleta kilikuwa kimoja. Mama yake mzazi alifariki mdogo wao wa mwisho akiwa bado anatambaa, na Mama Pacha, aliyekuwa msichana tu, ndiye aliyemlea. Sasa mdogo huyo alikuwa anaolewa, na alikuwa amemwambia, "Dada, sitaki mshereheshaji wa kukodi. Aliyenishika mkono nikajifunza kutembea, huyo huyo anishike siku hiyo." Mama Pacha alilia, akakubali, kisha akaogopa, akaja kwetu.

Kaka zao hawakutaka. Mkubwa wao, mkandarasi wa majengo, ndiye aliyelipia ukumbi, maua na chakula, na alikuwa amewaalika wakubwa anaofanya nao biashara. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kwamba ukuta ukipinda ataitwa yeye. Alikuja kwa wifi jioni moja, akakaa ukingoni mwa kochi, akasema, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini dada yangu ni mama wa nyumbani. Hajawahi kuhutubia hata kikao cha mtaa. Nimemkodi Radi."

Radi tulimjua sote. Ni mshereheshaji wa suti zinazometa na sauti ya kutikisa madirisha. Ukimkodi Radi, bwana harusi na bibi harusi wanakuwa wageni wake.

"Basi mnivunjie darasa langu kabisa," wifi alisema. "Na mumvunje dada yenu."

"Sijasema asiongoze. Aanze yeye. Radi atakaa karibu na mlango. Akiboronga, Radi anapanda, anapokea, mambo yanaendelea. Hakuna wa kuaibika."

"Na nani ataamua kwamba ameboronga?"

Mkandarasi akafikiri. "Mimi."

"Hapana," wifi alisema. "Wewe utaamua akikohoa. Nitaamua mimi. Mimi ndiye mwalimu wake. Mtu mwingine asimguse."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: wifi akae mahali ambapo mkandarasi na Radi wanamwona, na akiona mwanafunzi wake anazama, avue mtandio wake kichwani. Mtandio ukivuliwa, Radi anapanda. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, na hasira zilinipanda hizo. Mgeni alipotoka nikamwambia, "Wifi, umekubali kuwa kisu cha kumchinjia mtoto wako mwenyewe."

"Bora kisu kiwe mkononi mwangu," alisema.

Hakumficha Mama Pacha. Kesho yake alimwambia yote mbele yetu, Radi, mlango, mtandio. Mama Pacha alimsikiliza, akambadilisha mtoto upande, akauliza, "Niutazame huo mtandio?" Wifi akamwambia, "Usiutazame. Tazama watu wako." Kisha akamkabidhi mchi.

Siku ilifika. Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, mafeni yanazunguka kwa uvivu, na kushoto kwa jukwaa mlango wa jikoni, ule unaosukumwa kwa kiuno. Tulikaa meza ya pembeni: mimi, mume wangu, wifi na mtandio wake wa kijani. Meza mbili mbele yetu alikuwa mkandarasi, shingo imekakamaa. Radi alisimama karibu na mlango mkubwa, suti ya fedha, mikono imefungwa kifuani kama mtu anayesubiri basi lake.

Mama Pacha akapanda. Gauni la buluu, viatu vya chini, kwa sababu wifi aliwakataza viatu virefu: mwenye nyumba hatembei kwa shida sebuleni kwake. Alikishika kipaza, na nikaona mkono ukishangaa wepesi wake. Akavuta pumzi, akamtazama bibi mmoja wa meza ya mbele, akasema, "Karibuni. Mimi ni dada wa bibi harusi, na leo mko nyumbani kwangu."

Nilijikuta nimekaa vizuri. Ukumbi mzima ulikaa vizuri. Aliita wazee wa pande zote mbili kwa heshima, aliwatania wakwe kwamba wamechelewa kwa sababu walikuwa bado wanatafuta kasoro wakakosa, akawaingiza maharusi kwa maneno machache yaliyomfanya bibi harusi afute macho kabla hajafika kitini. Shingo ya mkandarasi ikalegea. Radi akahamishia uzito mguu mwingine. Mimi nilikuwa najivuna kana kwamba nimefundisha mimi, na kwa upande wa mchi, nilikuwa nimefundisha.

Chakula kikaanza kutoka. Wahudumu wakaanzia meza za mbele. Mama Pacha alikuwa katikati ya kumtambulisha mjomba wa bwana harusi, aliposita. Nilimwona akigeuza kichwa kidogo kuelekea mlango wa jikoni. Wengine hawakusikia kitu. Mimi nilisikia, na kila mwanamke anayepika alisikia: upawa unakwangua sufuria inayokwisha. Na meza za nyuma zilikuwa bado nyeupe, hazijapata hata kijiko.

Mwenye nyumba akisikia sauti hiyo hakai. Alimwambia mjomba, "Naomba dakika, mjomba," akashuka, akausukuma mlango kwa kiuno, akaingia jikoni. Kipaza hakitoki mkononi, ndivyo alivyofundishwa. Hakikutoka. Na kilikuwa kinawaka.

Ukumbi mzima ukasikia sauti yake kutoka kwenye spika, kubwa, safi, ile ya nyumbani. "Hii ndiyo iliyobaki? Na meza za nyuma zote bado?" Sauti ya mbali ya mpishi ikajibu kitu. "Mama, usilie. Kulia hakuongezi wali. Niambie, tuliagiza wa watu wangapi? ... Na hawa wengine kawaleta nani?" Mpishi akajibu tena. "Aaa. Kaka. Kaka yangu anajua kupandisha ghorofa, lakini sufuria haijui. Kaongeza marafiki, hakuongeza mchele."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku hiyo kata ilikuwa na kipaza sauti. Mkandarasi uso ulimshuka mpaka nikamwonea huruma. Wale wakubwa wake wa biashara wakawa wanatazama maua ya mezani. Wakwe wakatazamana. Kuna aibu ndogo na aibu kubwa, na kwa familia yenye shughuli, kuishiwa chakula wageni wakisikia ni mama wa aibu zote.

Mama Pacha akatoka jikoni akitabasamu, akapanda jukwaani, akanyanyua kipaza, na akaona nyuso. Akaziona zote. Akakitazama kipaza, ile taa yake ndogo nyekundu, bado inawaka. Nikamwona akielewa.

Akanyamaza.

Kimya kikaanza kunenepa. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, chakula kimeisha?" akazibwa mdomo. Mkandarasi akageuka kabisa kwenye kiti, akamkazia wifi macho, akagusa kichwa chake mwenyewe, kama kumkumbusha kilichopo kichwani kwake. Radi akafunga kifungo cha koti, akaanza kuja taratibu kati ya meza. Nilimbana wifi paja chini ya meza. "Wifi, mhurumie. Toa mtandio." Mume wangu naye, upande wa pili, akamwinamia. "Dada, anateseka. Msaidie."

Wifi hakutujibu. Alikuwa anamtazama mwanafunzi wake bila kupepesa. Kisha akainua mikono miwili, akauvua mtandio.

Mkandarasi akashusha pumzi. Radi akaongeza mwendo. Mimi nikafumba macho, maana sikutaka kuona, na nilipoyafumbua wifi alikuwa amesimama, mbele ya watu wote, anauzungusha ule mtandio wa kijani kiunoni. Akaukaza. Akaupiga fundo. Akajifunga kibwebwe kama mtu aliyefika nyumba ya dada yake akakuta vyombo vimejaa. Mama Pacha aliuona. Niliona kifua chake kikijaa hewa, kikashuka.

"Mmesikia," alisema. Sauti haikutetemeka. "Nilikwenda jikoni na kipaza kikanifuata. Basi nyumba hii sasa haina siri ya sufuria, sote ni ndugu." Mtu mmoja nyuma akacheka. "Chakula kipo. Kilichotokea ni kwamba kimekaa mbele kingi na nyuma hakijafika. Sasa mnisikilize kama mnavyomsikiliza mama yenu akiwa na upawa. Nyumba yoyote yenye heshima, wageni wakizidi, mwenye nyumba hula mwisho. Sisi wa upande wa bibi harusi ndio wenye nyumba. Ambaye hajaigusa sahani yake, ainyanyue. Aliyeigusa, ale upesi asije akaombwa."

Kicheko kikapita ukumbini, cha watu waliopumua. Hakuwapa nafasi kipoe.

"Kaka zangu wote watatu, vueni makoti. Kaka mkubwa, meza za nyuma ni zako. Wale ni wageni wako, uliwapenda ukawaita, na umefanya vizuri, wahudumie kwa mkono wako." Kisha akageukia Radi, aliyekuwa amekwama katikati ya meza na mkono mmoja mbele, tayari kupokea kipaza. "Na wewe kaka wa suti nzuri. Najua uliitwa kunisaidia. Mkono umekwisha unyoosha, naona. Mpeni sinia."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mhudumu mmoja mwenye akili akampa Radi sinia hapohapo. Na ya kusemwa yasemwe, Radi ni mtu wa shughuli. Alicheka mwenyewe, akalibeba, akapita nalo begani akiimba, na sauti yake ile ya kutikisa madirisha ikapata kazi yake.

Ilinipasa kuinuka. Sahani yangu ilikuwa nzuri, na kipande cha nyama nilichopata nilikuwa nimekwisha kukipangia maisha, lakini wifi alikuwa ameshaichukua. Tulibeba. Mume wangu, fundi wa friji asiyejua hata vijiko vinakaa wapi nyumbani kwake, alibeba sahani nne kwa mkupuo na hakuangusha. Mkandarasi alikunja mikono ya shati na kuwapelekea wale wakubwa wake chakula, akiinama, na wao wakawa wanamtania kwamba kumbe ana kazi ya pili. Jikoni wifi na yule mpishi walikuwa wanagawa, hakuna kijiko kilichopita bila kupimwa kwa jicho. Na juu ya yote ilikuwa sauti ya Mama Pacha, inaongoza: meza ile bado, bibi yule apewe laini, watoto wapewe kwanza, mjomba, sijakusahau, utatambulishwa ukiwa umeshiba.

Watu wote walikula. Mgeni hata mmoja hakukaa na sahani tupu. Sisi wenye nyumba tulikula ukoko na mchuzi, tumesimama jikoni, na sijawahi kula ukoko mtamu kama ule. Mzee mmoja wa upande wa wakwe alikuja mpaka mlangoni, akatukuta tunakwangua sufuria, akasema, "Sasa nimejua mwanangu kaoa kwa watu." Akaomba ukoko naye.

Sherehe ikaendelea. Mjomba akatambulishwa, keki ikakatwa, zawadi zikapita. Mwishoni, wakati wa shukrani, mkandarasi akapanda jukwaani, shati lina doa la mchuzi, na kwa mazoea yake ya miaka yote akanyoosha mkono kukichukua kipaza. Mama Pacha hakukiachia. Hakukivuta pia. Alikishika tu, kama anavyoshika mchi.

"Kaka," alisema, na kipaza kikasema pamoja naye, "utaitwa."

Mkandarasi akashusha mkono. Akasimama pembeni, mikono nyuma, jitu zima lile, akisubiri kama mtoto wa shule. Mama Pacha akamtazama mdogo wake aliyekaa na shela, akamaliza aliyotaka kumwambia, hakuharakisha hata neno. Ndipo akageuka, akamwita kaka yake kwa jina lake lote na la baba yao, akampa kipaza mwenyewe. Mkandarasi akakishika, akakitazama, akasema, "Mimi sina la kuongeza. Mwenye nyumba amesema." Akamrudishia. Makofi yaliyopigwa hapo, bibi wa meza ya mbele alisimama kuyapiga.

Watu walipoanza kutawanyika, sisi tulibaki tunakusanya vyombo, maana kibwebwe kikishafungwa hakifunguliwi kabla ya kazi kwisha. Redio alikuwa jukwaani anajaribu kipaza kilichozimwa. Pacha wamelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa. Mume wangu alikuja na mrundo wa sahani mpaka alipokuwa dada yake, akasimama, hakuziweka chini.

"Nilidhani anazama," alisema.

"Najua."

"Nilikwambia umsaidie."

"Nilikusikia, kaka."

Akabadilisha sahani mkononi. Mimi nikajifanya nafuta meza iliyokwisha futwa. Mume wangu si mtu wa maneno, na nilijua akinyamaza vile kuna kitu kinatafuta njia.

"Siku ile ya baba," alisema mwishowe, "nilipokuchukulia kipaza. Ulikuwa umekwama?"

Wifi alifungua fundo kiunoni, akaukung'uta mtandio, akautandaza kichwani. Alimtazama kaka yake kwa upole sana. Hakuwa na hasira, na nadhani hasira ingekuwa rahisi zaidi kwake kuibeba.

"Hapana, kaka," alisema. "Nilikuwa navuta pumzi."

Mume wangu alisimama pale na sahani zake. Nilimwona akirudi miaka yote ile, mpaka kwenye karamu ya baba yake, mpaka kwenye kimya kile. Macho yakamjaa. Aliziweka sahani chini, akatembea mpaka jukwaani, akamwomba Redio kipaza, akakiwasha. Akarudi nacho, akamwita dada yake kwa jina lake lote na la baba yao, akampa mkononi.

Ukumbi ulikuwa hauna mtu isipokuwa sisi na wafagiaji. Wifi alikipokea. Akafunga mdomo, akavuta pumzi mpaka tumboni, na sote tukasubiri.